Barua ya wazi kwa viongozi wa Simba, kutoka kwa fundi anayebandika majina mgongoni

Waheshimiwa viongozi wa Simba Sports Club, Msimbazi,

Shikamooni mlionizidi umri. Wa rika langu, habari za kazi.

Hamnijui. Ni mwanamke wa Mbagala Rangi Tatu, nina kibanda cha bati, cherehani moja na mashine moja ya joto ya kubandika majina kwenye jezi. Kadi ya uanachama ninayo na nimeilipia. Mzee wangu, Mungu amrehemu, aliishabikia timu hii ikiwa bado inaitwa Sunderland, kabla ya 1971. Mimi nimeirithi kwake kama wengine wanavyorithi shamba la minazi, pamoja na madeni yake.

Nawaandikia kuhusu mastraika wanaoondoka. Msiitupe barua kwa kudhani ni yule shabiki wa kila siku anayelia "tumeuzwa". Nisikilizeni kwanza, maana jambo hili nalishika kwa mikono kila dirisha la usajili.

Kazi yangu iko hivi. Mteja analeta jezi na jina. Nakata herufi, nazipanga mgongoni kwa rula, nafunika kwa kitambaa, nabana mashine, nahesabu moja hadi kumi na tano, nainua. Jina na namba elfu tano. Okwi nilikuwa nampunguzia mteja, herufi nne tu. Kwa kazi hii najua nani anapendwa kabla ya gazeti lolote kuandika, kwa sababu naona herufi zipi zinaisha kwanza kwenye kopo. Msimu wa 2018/19 nilikuwa nakata G na R usiku, wateja wa KAGERE 14 wanapanga foleni mpaka kwa jirani yangu muuza mkaa.

Kuna upande wa pili wa kazi ambao sikuuanzisha mimi, ulikuja wenyewe. Kubandua. Mchezaji akishapewa ile mnayoiita "Thank You", ile picha yake ya kutabasamu mnayoirusha mtandaoni na maneno mawili ya shukrani, kesho yake asubuhi nakuta mtu amekaa kwenye benchi langu na jezi kwenye mfuko wa rambo. Haongei sana. "Fundi, nitolee hili." Nawasha pasi, naweka karatasi ya kaki juu, herufi zinalegea, nazivuta moja moja kwa kibano.

Sasa sikilizeni. Jezi iliyovaliwa msimu mzima, ikafuliwa kila Jumapili na kuanikwa juani, inapauka. Inapauka kote isipokuwa pale herufi zilipokaa. Nikimaliza kubandua, jina bado linasomeka, tena kwa wekundu mpya kabisa, kama jezi ilivyokuwa siku inanunuliwa. Mteja anaigeuza huku na huku, ananiangalia. Namwambia dawa yake hakuna, labda tubandike jina jingine juu. Wengine wanakubali. Wapo wanaoikunja na kuondoka nayo hivyo hivyo, na elfu mbili yangu wanailipa bila kuombwa.

Nilipoanza nilidhani wanakasirikia wachezaji. Miaka imepita, nimewasikiliza kwenye lile benchi, na nimegundua wengi hasira yao si kwa mchezaji. Wanasema: "Jana usiku msemaji kasema haendi popote." Wanasema: "Nimeipata kwa mtani wangu wa Yanga, ananicheka, mimi hata habari sina." Wanasema: "Sasa nani atafunga?"

Basi niseme wazi jambo ambalo mashabiki huwa hatulisemi hadharani. Hatukatai waende. Nani atakataa? Mnatuona kama watoto wanaomshika mama kitenge asiende sokoni, lakini sisi hapa Mbagala ndio tunaojua maana ya mtu kupata kazi nje. Kila nyumba ina mtoto anayetafuta kwenda Afrika Kusini au Oman. Mtu akipata, tunachanga nauli.

Mfano ni Mbwana Samatta. Mtoto wa hapa hapa Mbagala, aliyetoka African Lyon akaja kwetu. Mwaka 2011 tulikutana na TP Mazembe ya Kongo kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, wakamwona, wakamchukua pamoja na Patrick Ochan. Iliniuma? Iliniuma sana, alikuwa hata hajatuchezea tukamshiba. Lakini mwaka 2015 amebeba kombe la Afrika na Mazembe, akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Akaenda Genk, akawapa ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tarehe 1 Machi 2020, pale Wembley, Aston Villa na Manchester City, krosi ikaja, Samatta akaruka akaiweka wavuni kwa kichwa. Villa walifungwa 2-1 lakini mtaa wetu ulilala saa nane usiku. Wiki ile nilibandika SAMATTA 20 kwenye jezi za Villa, kwenye fulana nyeupe za kawaida, hadi kwenye sare ya shule ya mtoto mmoja ambaye mama yake alikuja kunigombeza.

Mpaka leo hakuna aliyewahi kuniletea jezi ya Samatta nimbandulie.

Kwa hiyo mtu kuondoka na kuondokewa ni mambo mawili, na nyinyi viongozi, kwa zamu zenu tofauti, mmetuzoesha la pili. Najua wengi wenu hamkuwepo kwenye haya nitakayoyataja. Lakini kiti ni kile kile, na sisi tulio jukwaani hatubadilishwi kwa uchaguzi.

Nianze na Emmanuel Okwi, maana huyu ndiye aliyenifundisha kupenda straika. Tarehe 6 Mei 2012 nilikuwepo uwanjani na mzee wangu. Simba 5, Yanga 0. Okwi kafunga mawili. Mzee alikuwa na kikohozi kile kilichokuja kumuua baadaye, lakini siku ile aliimba mpaka nikamwogopa. Miezi minane tu, Januari 2013, Okwi kauzwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Tukajipa moyo: fedha hizo, tutasajili watatu. Fedha hazikufika kwa wakati, shauri likaenda mpaka FIFA. Na kabla mwaka haujaisha, Desemba 2013, baada ya kupitia SC Villa ya kwao Uganda, Okwi huyo huyo akatambulishwa Jangwani, kwa watani wetu Yanga. Fikirini. Mchezaji tumemuuza, fedha hatujaiona, naye kavaa kijani na njano. Mzee hakusema kitu. Alizima redio, akaenda kulala saa mbili.

Okwi alirudi 2014, akaondoka, akarudi tena 2017, na msimu wa 2017/18 akafunga mabao 20 tukachukua ubingwa ambao hatukuushika tangu 2012. Tulimsamehe yote. Shabiki wa Simba ana moyo wa mama mkwe: ananuna, lakini chakula anapakua. Hilo lisiwafanye mdhani hatukumbuki.

Halafu Amissi Tambwe. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana kidonda hiki tulijichanja wenyewe.

Tambwe, Mrundi, alikuja 2013, na msimu wake wa kwanza akafunga 19, mfungaji bora wa ligi. Msimu wa pili ukaanza vibaya kwake, mabao hayaji. Desemba 2014, dirisha dogo, akaachwa. Hakuuzwa, aliachwa. Watani wakamwokota siku hizo hizo kama mtu anavyookota noti barabarani, akitazama huku na huku asiamini. Kilichofuata mnakijua. Yanga wakachukua ubingwa 2015, 2016 na 2017. Msimu wa 2015/16 Tambwe akawa mfungaji bora tena, mabao 21, safari hii kwa jezi ya wengine. Septemba 26, 2015 akatufunga. Februari 20, 2016 akatufunga. Oktoba 1, 2016 akatufunga tena, bao ambalo mpaka kesho nitaapa aliugusa mpira kwa mkono, Mkude wetu akapewa nyekundu kwa kulalamika, na watu wetu wakang'oa viti vya Uwanja wa Taifa. Kichuya alisawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja, lakini nani anaikumbuka kona? Serikali ikatufungia uwanja sisi na watani pamoja.

Nilikuwepo siku ile. Sikung'oa kiti, nashukuru Mungu. Lakini nilimwona baba mtu mzima, mwenye kanzu na kofia, amekishika kiti anakivuta huku analia, na alichokuwa anakisema hakikuwa kuhusu mwamuzi. Alikuwa anasema, "Tulikuwa naye. Tulikuwa naye huyu."

Meddie Kagere naye. Kutoka Gor Mahia, 2018. Mabao 23 msimu wa kwanza, 22 wa pili, mfungaji bora mara mbili mfululizo. Tarehe 12 Februari 2019 ndiye aliyewafunga Al Ahly hapa Kwa Mkapa, siku chache baada ya wao kutupiga tano kule Misri. Akishafunga anaziba jicho moja kwa kiganja, na watoto wote wa mtaa wetu wakawa wanatembea wameziba jicho, mmoja akaingia mtaroni. Miaka ikaenda, kasi ikapungua, mwaka 2022 akaondoka kwenda Singida. Mpira ndivyo ulivyo, miguu inachoka, sina neno. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyefunga 45 kwenye ligi ndani ya misimu miwili, mbona hatukupata nafasi ya kumuaga uwanjani? Sisemi mumjengee sanamu. Dakika tano tu, kabla ya mechi yoyote, azunguke uwanja, aende jukwaa la mzunguko, atuzibie jicho kwa mara ya mwisho. Hiyo ingegharimu nini? Umeme wa kipaza sauti.

Nikifika dirisha dogo la Januari 2024 mkono unatetemeka. Jean Baleke alikuja mwaka mmoja kabla, kwa mkopo kutoka Mazembe. Huyu alifunga mawili siku ya Horoya ya Guinea, Machi 18, 2023, siku ya 7-0. Aliwafunga Wydad, mabingwa watetezi wa Afrika, Aprili 22, mwaka huo huo, bao moja lililotupeleka Casablanca na matumaini mkononi, tukatolewa kwa penalti. Na Moses Phiri, ambaye kabla ya kuumia alikuwa anafunga kama anahesabu pesa. Wote wawili, dirisha moja, wakaondoka. Katikati ya msimu. Wakaja Pa Omar Jobe na Freddy Michael, vijana ambao sina ugomvi nao, walitupwa kwenye maji ya shingo wakaambiwa waogelee.

(Tarehe 5 Novemba 2023, siku watani walipotufunga tano, siizungumzii kwenye barua hii. Mnaijua.)

Msimu ule uliishaje? Azam pointi 69, Simba pointi 69. Tukatenganishwa na tofauti ya mabao. Wao wakaenda Ligi ya Mabingwa, sisi tukaenda Kombe la Shirikisho, lile la daraja la pili Afrika. Mabao, waheshimiwa. Si pointi, si kadi, si waamuzi, ni mabao, kitu ambacho wale tuliowaondoa Januari waliajiriwa kukitafuta. Sisemi wangebaki tungekuwa mabingwa, mpira hauna "ingekuwa". Nasema tu kwamba kwenye hesabu ile nilikaa na kalamu, nikaichora kwenye karatasi ya kukatia herufi, na sikulala.

Na baadaye mwaka ule ule nikamwona Baleke kwenye jezi ya kijani. Hakucheza sana kule, kwa hiyo si kama Tambwe, lakini moyo ulipiga vile vile. Mwezi Julai tayari Clatous Chama alikuwa amevuka barabara, mkataba wake ulipoisha. Chama si straika, najua, lakini alituwekea mipira miguuni mwa mastraika wote hao. Siku ile walikuja watu tisa kubandua CHAMA 17. Wa kumi alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada, Yanga damu, kanishikia jezi ya kijani mpya: "Mama mdogo, niandikie Chama." Nilimwandikia. Kazi haina timu, na elfu tano ni elfu tano. Ila ile M niliipanga upande, ikabidi nirudie.

Huyo mpwa ndiye aliyenifanya niwaone watani kwa jicho jingine. Mwaka 2023 walimpoteza Fiston Mayele. Mnamjua: alitoka AS Vita 2021, mabao 16 msimu wa kwanza, 17 wa pili, akawapeleka fainali ya Shirikisho wakalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini, na yeye akawa mfungaji bora wa mashindano. Kisha Pyramids ya Misri ikamchukua. Kijana wangu alikaa pale kwenye benchi, jezi ya MAYELE 9 mkononi. Nikajua anataka nibandue, nikaanza kuwasha pasi. Akasema hapana, kuna herufi moja imenyanyuka pembeni, niigandishe vizuri. "Anatetema kule sasa, lakini ni wetu." Kutetema ndiko kushangilia kwake akifunga.

Tarehe 1 Juni 2025, fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa, Pyramids na Mamelodi Sundowns, Mayele akafunga, Pyramids wakawa mabingwa wa Afrika. Mpwa alikuwa amevaa jezi ile ile, anaangalia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, anashangilia klabu ya Misri ambayo hata mji wake hawezi kuutaja. Mimi Simba nimekaa pembeni, namwonea wivu. Si kwa Mayele. Kwa kuwa yeye aliagana naye moyoni kwa amani, na mimi jezi zangu zote ndani ya kabati zina majina ambayo nikiyasoma nakumbuka jinsi nilivyoambiwa.

Mtasema, na mna haki kusema: fundi, fedha za Waarabu huziwezi. Kweli siziwezi, wala nyinyi hamziwezi. Al Ahly waliona Luis Miquissone anawapiga hapa Februari 2021, Agosti wakamchukua. Chama naye akaenda Berkane ya Morocco kipindi kile kile, akarudi baada ya miezi. Leonel Ateba alikuja Agosti 2024, akafunga 13 kwenye ligi, msimu mmoja tu, huyo Iraq. Klabu inayofika robo fainali na fainali za Afrika inaweka wachezaji wake dirishani, kila mpita njia anaona bei. Hilo halizuiliki, na kusema kweli ni sifa. Muuza duka ambaye bidhaa yake haitakiwi na mtu ndiye mwenye shida.

Lakini muuza duka mzuri anajua lini bidhaa inatoka na nini kinaingia kwenye rafu. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akibakiza miezi 6 kwenye mkataba yuko huru kusaini kwingine, na klabu haipati hata thumni. Mimi nilisoma darasa la saba na hilo nalijua. Basi mchezaji aliyefunga 15 msimu huu asiachwe afike mwaka wa mwisho akiwa hajaongezwa au hajauzwa. Mkiuza, wekeni kipengele cha asilimia ya mauzo yajayo, maana hawa vijana hawaishii Tunisia wala Misri. Na kuna ule mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Ni ndogo kwa klabu moja, nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia umri wa miaka 16, lakini kwa mtu aliyepita kwetu akiwa na miaka 18 kisha akauzwa Ubelgiji na England, nusu asilimia hiyo inanunua mipira ya timu ya vijana. Ningependa siku moja, kwenye mkutano mkuu, mtu asimame atusomee hizo hesabu mchezaji kwa mchezaji. Mtashangaa tutakavyonyamaza kusikiliza.

Jambo la taarifa ndilo linalouma kuliko yote na ndilo rahisi kuliko yote. Kwenye mfumo wa mabadiliko mnatuambia wanachama tuna asilimia 51. Mimi sitaki kuingia kwenye chumba cha mazungumzo, sijui Kifaransa na sijui wakala anakula ngapi. Ila mwenye asilimia 51 ya nyumba hapaswi kujua kwa jirani kwamba kitanda kimeuzwa. Kama kuna ofa, semeni kuna ofa. Kama hamjaamua, semeni hamjaamua. Msimtume msemaji aape leo kwamba mtu haondoki, keshokutwa ile picha ya tabasamu ikatoka. Msemaji naye ni binadamu, mnamchosha. Na sisi mnatufundisha kutomwamini hata anapotutangazia mchezaji mpya, ndiyo maana siku hizi mkimtambulisha mtu watu wananiuliza kwanza, "Huyu ana mkataba wa miaka mingapi?" kabla ya kuuliza anafunga kwa mguu gani.

Na msiondoe kabla hamjaleta. Hata mimi nisiye na mtaji siuzi cherehani ya zamani mpaka mpya iwe imeshashushwa kwenye bodaboda, nimeijaribu, imeshona. Januari 2024 tuliuza cherehani mbili, tukaanza kuuliza bei.

Kisha tupeni siku ya kuaga. Tunayo siku kubwa kila mwaka, Simba Day, tunavaa nyekundu kuanzia Kariakoo mpaka Temeke, wachezaji wapya wanaingia mmoja mmoja kwa moshi na muziki. Kwa nini siku hiyo hiyo, kabla ya moshi, wasiite waliotoka? Hata wawili. Hata mmoja, aliyeko nchini. Kagere aje, John Bocco, straika wetu wa zamani, aje. Wakishuka ngazi wakapunga mkono, msiogope mtalizwa, tutalia sisi. Mwaka jana nilimsikia mtoto wa miaka kumi anamwuliza baba yake kwenye daladala Okwi alikuwa nani. Baba alianza kueleza, akafika mahali pa Yanga akakatisha, akaangalia nje dirishani.

Nimalizie na lililonikalisha kuandika. Jumamosi iliyopita alikuja dereva wa bodaboda, mteja wangu wa siku nyingi. Ndiye aliyekuwa na jezi ya Kagere, ikawa ya Phiri, ikawa ya Baleke, mgongo umepigwa pasi mpaka kitambaa kimekuwa chepesi, ukiinyoosha kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Safari hii kaleta mpya. Anataka jina la mshambuliaji wetu wa sasa, simtaji nisije nikamtia nuksi. Hela ameshika mkononi. Akaniuliza, "Fundi, huyu yupo?"

Nilitaka kusema yupo. Ni mteja, na elfu tano ya Jumamosi ndiyo mboga ya Jumapili. Nikamwambia acha jezi, usiache hela, subiri dirisha lifungwe. Akacheka, akaenda. Jezi iko hapa kwenye rafu, imekunjwa, mgongo mtupu, na herufi zake nimeshazikata nimezifunga kwa raba. Mkinipa neno la uhakika, hata la mstari mmoja, nawasha mashine.

Wenu,
Fundi wa majina, Mbagala Rangi Tatu